Takwimu, uchumi, kompyuta au fani yenye leseni: shahada ya kwanza ichaguliwe kwa kigezo gani?

Mpenda Hesabu

Habari zenu, ndugu zangu. Nimemaliza sekondari katika mchepuo wa sayansi, na alama zangu zinaniruhusu kuomba nafasi karibu katika shahada yoyote ya sayansi. Somo ninalolipenda kuliko yote ni hisabati. Kemia na biolojia nimezifaulu pia, lakini ni masomo niliyokuwa nikiyafungua kwa sababu tu mtihani umekaribia.

Nyumbani kila mtu ana lake. Baba anataka nisomee udaktari, na ikishindikana basi uhandisi ujenzi, kwa hoja kwamba aliyesomea fani inayojulikana hahangaiki kueleza kazi yake ni ipi. Shangazi yangu ni mhasibu, naye anasisitiza kwamba nichague shahada yoyote ile, mradi nyuma yake iwepo bodi ya kitaaluma inayosajili wahitimu. Mimi mwenyewe nimebaki na orodha ya shahada tano: takwimu, takwimu bima, uchumi, sayansi ya kompyuta na sayansi ya data.

Nimesoma vitabu vya mwongozo vya vyuo kadhaa, na kwa kweli vimenichanganya zaidi, maana shahada zote zinaahidi mambo yale yale: mhitimu ataweza kutatua matatizo, kufikiri kwa kina na kushirikiana na wenzake. Naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo matatu. Tofauti halisi ya shahada hizi tano iko wapi? Je, ni kweli kwamba shahada inayoelekea kwenye leseni ni salama kuliko shahada ya taaluma ya jumla? Na nikishaingia nikagundua kwamba sipo mahali pangu, kuhama kunawezekana kwa kiasi gani?

Mwalimu wa Takwimu

Kijana wangu, kitabu cha mwongozo huandikwa ili kumvutia mwombaji, kwa hiyo tofauti unayoitafuta hutaipata humo. Hati unayoihitaji ni ile inayoorodhesha kozi za kila muhula, zipi ni za lazima na zipi ni za hiari, pamoja na muhtasari wa kila kozi. Na kama idara inaruhusu watu wa nje kusoma mitihani ya miaka iliyopita, hiyo ni bora kuliko zote. Isome ukianzia mwaka wa mwisho na kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza wa shahada zako tano unafanana mno: kalkulasi, aljebra ya vekta na matriksi, misingi ya uwezekano, na utangulizi wa kuandika programu za kompyuta. Ukihukumu kwa mwaka huo utadhani ni shahada moja yenye majina matano.

Chukulia kwamba wanafunzi wa shahada hizo wamekabidhiwa data zile zile: umri waliofariki nao watu wa mji fulani, pamoja na kumbukumbu za wengine ambao walihama, au walikuwa bado hai utafiti ulipofungwa.

Mwanafunzi wa takwimu ataanza na hao waliohama na walio hai. Hajui watafariki lini, ila anajua kwamba waliishi angalau hadi umri fulani, na akiwaondoa katika hesabu, makadirio yake ya urefu wa maisha yatakuwa chini ya ukweli. Muhula mzima unaweza kwisha katika kujifunza namna ya kutumia taarifa pungufu kama hizo, na namna ya kueleza kwa uaminifu kwamba makadirio yenyewe yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Mwanafunzi wa takwimu bima atachukua jedwali la vifo linalotokana na kazi hiyo, kisha atauliza swali la fedha: mtu wa miaka 30 akiahidiwa malipo ya uzeeni, ahadi hiyo ina thamani gani leo, ukizingatia riba na uwezekano kwamba hataufikia uzee huo? Swali hilo ni la zamani. Edmond Halley, mwanafalaki yule ambaye nyotamkia mashuhuri imepewa jina lake, alichapisha mwaka 1693 jedwali la vifo vya mji wa Breslau na kulitumia kukokotoa bei ya malipo ya namna hiyo.

Wa uchumi ataulizia tabia za watu. Ikiwa mnunuzi wa bima anaijua afya yake kuliko kampuni inavyoijua, ni watu gani watakaojitokeza kununua, na bei itaelekea wapi baada ya hapo? George Akerlof alilieleza tatizo la aina hiyo mwaka 1970 kwa mfano wa soko la magari yaliyokwisha kutumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa wanauchumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya eneo hilo. Naye wa sayansi ya kompyuta hatajali sana watu hao walifariki kwa nini. Atauliza kumbukumbu zikifika bilioni moja, moja itatafutwaje bila kuzipitia zote. Kisha atathibitisha kwamba zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, na kila hatua ikitupa nusu ya zilizobaki, hatua 30 hivi zinatosha.

Yasome tena maswali hayo manne, halafu angalia ni lipi lililokufanya utake kuchukua kalamu. Hicho ni kigezo kizuri kuliko orodha za ajira, ambazo hubadilika kabla hujahitimu.

Sayansi ya data nimeiacha pembeni kwa sababu jina hilo ni jipya na vyuo havijaafikiana juu ya maana yake. Mahali pengine ni takwimu madhubuti iliyoungwa na kompyuta. Pengine ni mkusanyiko wa kozi ambazo karibu zote zinaanza na maneno “utangulizi wa”. Kipimo changu ni hiki: tafuta katika mwaka wa mwisho kozi ambayo haisomeki bila kupita kwanza kozi nyingine mbili au tatu zinazofuatana. Ikiwepo, shahada ina uti wa mgongo. Ikiwa kozi zote za mwaka wa mwisho zingeweza kusomwa na mtu aliyefika chuoni juzi, basi mimi nisingemshauri mwanangu aende huko.

Fundi wa Msimbo

Naongeza kidogo upande wa kompyuta, kwa kuwa mwulizaji ametaja sayansi ya kompyuta peke yake kana kwamba eneo hilo lina shahada moja. Ripoti ya mitaala iliyotolewa mwaka 2005 na ACM, jumuiya ya kimataifa ya wanakompyuta, pamoja na jumuiya nyingine za kitaaluma ilitenganisha shahada tano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari, na uhandisi wa programu. Toleo la mwaka 2020 likaongeza usalama wa mtandao na sayansi ya data.

Tofauti hizi humuumiza zaidi mtu anayependa hisabati. Akijiandikisha katika mifumo ya habari akidhani kwamba ni sayansi ya kompyuta kwa jina lingine, atakutana na uhasibu, usimamizi wa miradi na uchambuzi wa shughuli za taasisi, na hisabati yake itaishia mapema sana. Si shahada mbaya hata kidogo, na wenye kipaji cha kukaa na watu na kuelewa kazi zao huing'arisha, lakini siyo aliyoiota. Kinyume chake nacho hutokea: anayetamani kutengeneza programu ambazo watu watazitumia kesho hushangaa sayansi ya kompyuta inapomtaka athibitishe, kwa hoja za karatasini, kwamba kuna tatizo ambalo hakuna kompyuta yoyote itakayoweza kulitatua. Kwa hiyo, ndugu mwulizaji, angalia kama nadharia ya ukokotozi, uchambuzi wa algoriti na mifumo endeshi ni kozi za lazima. Zikiwa za hiari zote tatu, jina limezidi yaliyomo.

Mhandisi Ujenzi

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu kusoma mtaala, ila kwa fani zenye leseni mtaala mzuri hautoshi. Kinachotangulia ni ithibati, na hapo watu wengi huchanganya mambo mawili. Chuo kutambuliwa na serikali ni jambo moja. Shahada fulani ya chuo hicho kutambuliwa na bodi inayosajili wahandisi ni jambo lingine kabisa, na la kwanza halileti la pili. Chuo kinaweza kuwa na uhandisi wa umeme uliothibitishwa na uhandisi mwingine ambao bado unasubiri, katika jengo moja, chini ya mkuu wa kitivo mmoja. Kabla ya kulipa ada, mwombaji aingie katika orodha ya bodi yenyewe, siyo tangazo la chuo, aitafute shahada yake kwa jina kamili na aangalie ithibati hiyo inaishia mwaka gani.

Kuna pia suala la kutambuliwa nje ya nchi. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 yalianzishwa na taasisi za nchi sita, yaani Australia, Kanada, Ayalandi, Nyuzilandi, Uingereza na Marekani, ambazo zilikubaliana kwamba shahada za uhandisi zilizothibitishwa na mmoja wao zihesabiwe na wengine kuwa zina uzito unaolingana. Leo wanachama wamepita 20. Makubaliano hayo yanahusu uhandisi wenyewe. Wanateknolojia wa uhandisi wana makubaliano yao ya Sydney ya mwaka 2001, na mafundi sanifu yale ya Dublin ya mwaka 2002. Ndiyo maana neno moja lililoongezwa katika jina, “teknolojia” ya uhandisi ujenzi badala ya uhandisi ujenzi, linaweza kumpeleka mhitimu kwenye daftari jingine la usajili. Usanifu majengo nao una mtego kama huo: nchini Marekani shahada ya usanifu ya miaka mitano ndiyo inayopewa ithibati na bodi iitwayo NAAB, lakini shahada ya miaka minne ya masomo ya usanifu, yenye jina linalokaribiana sana na hilo, haipewi, na mhitimu wake hulazimika kuendelea na uzamili.

Sasa nirudi kwa mwulizaji, maana amesema anapenda hisabati na mzee anampeleka kwenye fani yangu. Hisabati ya uhandisi ujenzi ni chombo cha kazi. Baada ya milinganyo ya tofauti katika mwaka wa pili hutaombwa tena kuthibitisha kitu. Boriti yenye urefu wa mita 6, imeegemea ncha mbili na kubeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, ina momenti, yaani nguvu ya kuipinda, ambayo kubwa kabisa ni kilonyutoni-mita 90 katikati yake. Hesabu hiyo ni ya mistari miwili. Siku nzima iliyobaki inakwenda katika maswali mengine: huo mzigo wa 20 umetoka wapi, umezidishwa na kigezo gani cha usalama, boriti itapinda kiasi gani, nyufa zitakuwa na upana gani, na je, nondo nilizochora zimebanana kiasi kwamba zege halitapita katikati yake? Mwenye kuyapenda maswali hayo atafurahi sana. Mwenye kupenda uthibitisho atachoka kabla ya mwaka wa tatu.

Mfamasia wa Wodini

Naandika kwa ajili ya baba kuliko kwa ajili ya mwana, kwa heshima zote.

Mzee wetu, udaktari katika nchi nyingi ni shahada ya kwanza ya miaka mitano au sita, ingawa Marekani na Kanada kwa kawaida huwapokea wanafunzi baada ya shahada nyingine. Muundo wake wa kawaida unajulikana: sayansi za msingi kwanza, yaani anatomia, fiziolojia, biokemia, patholojia, famakolojia, kisha miaka ya wodini. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, iliyochunguza vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, ndiyo iliyoupa mpangilio huo nguvu. Jambo ambalo mwombaji haoni katika karatasi ni kiasi cha mambo ya kukariri, na kwamba yanakaririwa yakiwa na maana, kwa sababu mshipa wa fahamu unaoutaja leo katika chumba cha anatomia utaulizwa tena mbele ya mgonjwa asiyeweza kukunja kidole. Anayeifungua biolojia mtihani unapokaribia tu ana kila uwezo wa kufaulu. Ataishi nayo vipi kwa miaka sita, hilo ni swali lingine.

Hisabati tunayoifanya kila siku ni ndogo na nzito kwa wakati mmoja. Mtoto wa kilo 14 anayepewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 210; ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kipimo chake ni mililita 8.75. Ni hesabu ya shule ya msingi, ila inafanywa saa tisa usiku, kwa mwandiko wa mtu mwingine, na nukta ikisogea nafasi moja mtoto anapata mara kumi.

Niseme pia kwamba famasia na uuguzi si ngazi za kupandia kwenda udaktari. Kila mwaka wapo wanaoingia huko kwa nia ya kuhamia udaktari baada ya muhula mmoja, na wengi wao hawahami; wanabaki wakiwa na kinyongo na fani ambayo ingewafaa sana kama wangeichagua kwa ajili yake yenyewe.

Lakini mzee asidhani kwamba mtoto akienda takwimu ameikimbia afya. Austin Bradford Hill alitamani kuwa daktari, kifua kikuu kikamzuia, akasoma shahada ya uchumi kwa njia ya posta. Mtu huyo huyo ndiye aliyesanifu jaribio la dawa ya streptomaisini lililochapishwa mwaka 1948, ambalo limekuwa mfano wa majaribio ya kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na mwaka 1950 yeye na Richard Doll wakachapisha utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Hospitali na taasisi za utafiti wa tiba zinawahitaji sana watu wa aina hiyo, na kwetu sisi wa wodini wao ndio wanaotuambia dawa mpya inafanya kazi kweli au haifanyi.

Mwanaisimu

Mimi ninatoka upande ambao haukutajwa kabisa, wa lugha na falsafa, na ninapinga kidogo neno “salama”. Linachukulia kwamba leseni na shahada yenye jina la leseni ni kitu kimoja, jambo ambalo ni kweli kwa udaktari, famasia na kwa kiasi kikubwa uhandisi, lakini kwingineko haliko hivyo.

Tumchukue shangazi. Mitihani ya uhasibu ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, iko 13, na mwenye shahada ya uhasibu inayokubalika anaweza kusamehewa hadi 9; asiye na shahada hiyo anaifanya mingi zaidi, lakini mlango haujafungwa. Katika Uingereza na Wales, mfumo wa mitihani ya mawakili ulioanza mwaka 2021 unampokea mwenye shahada ya somo lolote, wakati Marekani sheria yenyewe kwa kawaida husomwa baada ya shahada nyingine. Halafu kuna mfano wa upande wa pili, ambao huwaumiza wengi kimyakimya: saikolojia. Jina lake linasikika kama fani kamili, ila katika nchi nyingi mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia haruhusiwi kutibu mtu kwa cheo cha mwanasaikolojia wa tiba mpaka aongeze masomo ya uzamili au uzamivu pamoja na mafunzo chini ya msimamizi. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu imeandikwa. Tatizo ni kwamba imeandikwa katika kanuni za usajili, mahali ambapo mwombaji wa miaka 18 hana sababu ya kupafungua.

Kwa hiyo swali la pili lingeulizwa hivi: kazi ninayoifikiria, je, sheria inamkataza asiye na shahada hii kuifanya? Kama ndiyo, shahada haina mbadala na ithibati ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kama Mhandisi alivyosema. Kama hapana, unachonunua kwa miaka mitatu au minne ni uwezo, na hapo shahada ya jumla iliyofundishwa kwa ukali inaishinda shahada ya fani iliyofundishwa kwa ulegevu. Mwanafunzi wa isimu anayekaa na msemaji wa lugha isiyo na kitabu hata kimoja, akarekodi, akaandika sauti kwa alama zake, akakisia kanuni ya toni, kisha akaletewa neno moja linaloivunja kanuni hiyo na kulazimika kuanza upya, amejifunza jambo ambalo halimo katika kozi yoyote inayoitwa “stadi za kufikiri kwa kina”.

(Kozi hizo zenye jina hilo, kwa maoni yangu, ndizo zinazofikirisha kwa uchache kuliko zote.)

Mpenda Hesabu

Nawashukuru sana nyote. Baba ameyasoma majibu yenu, na habari za Bradford Hill zimempendeza kuliko alivyotaka kuonyesha. Udaktari ameuweka kando, angalau kwa wiki hii.

Nimefanya kama Mwalimu alivyoelekeza, nikasoma mitaala kutoka mwaka wa mwisho kurudi nyuma, na orodha imepungua. Sayansi ya data ya chuo kimoja nimeiondoa: kozi za mwaka wa tatu hazina sharti lolote la kutanguliwa na kozi nyingine. Uchumi nimeupenda, lakini nikagundua kwamba ninachokipenda ndani yake ni ekonometriki, ambayo ni takwimu iliyovaa nguo nyingine. Nimebaki na takwimu na takwimu bima. Shahada ya takwimu bima inasema wahitimu wake wanaweza kusamehewa baadhi ya mitihani ya chama cha kitaaluma, na shangazi ameishika hapo hapo. Shahada ya takwimu haina msamaha wowote, ila ina uchambuzi wa kihisabati, yaani kalkulasi iliyojengwa kwa uthibitisho, katika mwaka wa pili na nadharia ya ukadiriaji katika wa tatu. Je, nikianza na moja, naweza kuhamia nyingine? Na huo msamaha una uzito gani kwa kweli?

Mwalimu wa Takwimu

Umefanya kazi nzuri, kijana wangu. Wapo wanaomaliza shahada bila kuusoma mtaala wao.

Nianze na msamaha. Kwa kawaida hautolewi kwa shahada nzima kwa ujumla, bali kwa kozi fulani na kwa alama fulani ambazo huwa juu ya alama ya kufaulu. Makubaliano kati ya chuo na chama huwa na muda wake, na huweza kubadilika kati ya mwaka unaoingia na mwaka unaohitimu. Iandikie idara uulize mambo matatu tu: ni kozi zipi zinazosamehe mtihani upi, alama inayotakiwa ni ipi, na wanafunzi wanaoingia mwaka huu wamo katika makubaliano hayo au la. Wakikujibu kwa ujumla jumla, wewe uliza tena. Halafu mweleze shangazi kwamba msamaha huokoa muda na ada za mitihani, lakini hauondoi mitihani ya ngazi za juu, na mtu wa takwimu anaweza kuifanya yote akitokea nje. Uwezekano, hisabati ya fedha na modeli za uhai wa watu na mali ndizo zinazobeba ngazi za mwanzo, na sehemu kubwa ya hizo utazisoma popote utakapokwenda.

Njia ya kurudi ndiyo ngumu zaidi. Aliyemaliza takwimu bima na kutaka uzamivu wa takwimu mara nyingi hukwama kwenye uchambuzi wa kihisabati, kwa sababu shahada nyingi za takwimu bima huuruka ili zipate nafasi ya bima, uhasibu na sheria za makampuni. Haiwezekani kusema kwamba mlango umefungwa, lakini ataingia akiwa na mwaka wa ziada.

Kuhusu kuhama katikati ya masomo, usihesabu krediti peke yake, kwa maana krediti si kipimo kimoja dunia nzima. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea kukiwemo. Uingereza mwaka huo huo huwa krediti 120. Marekani krediti 120 ndizo zinazokaribia kukamilisha shahada nzima. Hata ndani ya chuo kimoja, kinachomzuia mtu kuhama ni masharti ya kozi zinazotangulia. Ukiikosa kozi moja ya mwaka wa kwanza ambayo kozi tatu za mwaka wa pili zinaitegemea, krediti zako nyingine zote zitahesabiwa na bado utarudishwa nyuma mwaka mzima.

Kwa hali yako, basi, ukiingia katika shahada yoyote kati ya hizo mbili, muhula wa kwanza chukua kalkulasi ile inayofundishwa kwa uthibitisho, siyo ile ya matumizi inayotolewa kwa wanafunzi wa biashara, hata kama ratiba yako inakuruhusu kuchagua nyepesi. Kozi ya hiari uiweke kwenye misingi ya uchumi wa soko, kwa kuwa takwimu bima huihitaji na takwimu haiikatai. Kwa mpangilio huo utakuwa na hadi mwisho wa mwaka wa kwanza kuamua bila kupoteza chochote. Tarehe ya mwisho ya kuomba kuhama huwa imeandikwa katika kanuni za masomo, na aghalabu huwa mapema kuliko wanafunzi wanavyodhani, mara nyingine kabla ya matokeo ya muhula wa pili kutoka. Iulize siku ya usajili.